Simu ya Kabatini Bado Inafundisha

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alipata meseji kwamba ahakiki taarifa zake ili boom litoke mapema. Akabonyeza linki, akajaza kila alichoulizwa, mpaka ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yake. Jioni akaunti ilikuwa tupu. Tulimcheka, tukamwita mshamba. Lakini wana, tuseme ukweli: nani kati yetu alishawahi kuona kinachotokea upande wa pili wa linki?

Mimi nilikiona kwa kutumia simu yangu ya zamani, iliyopasuka kioo na kukaa kabatini nyumbani Kibaha. Fundi wa Maili Moja alishaniambia niiuze kama spea. Nashukuru sikumsikiliza. TCRA ilipozima simu feki Juni 2016, wengi walizitupa, kumbe kilichokatwa ni mtandao wa laini tu. Waifai na kompyuta iliyomo ndani vilibaki vizima. Simu isiyopiga bado ni kompyuta.

Kwa jaribio hili tafuta simu yenye Android 7 kwenda juu. Kwanza itazame betri: kama imevimba, acha kabisa, inaweza kuwaka moto. Kama ni nzima, toa laini, hamisha picha zako, ondoa akaunti zako, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Usijaribie mambo kwenye simu yenye maisha yako ndani.

Halafu weka Termux, programu ya bure inayokupa mazingira ya Linux ndani ya simu. Ipakue kutoka F-Droid. Ukiifungua, andika:

pkg update
pkg install python nmap

Hapo ndipo bando linapotumika. Baada ya hapo washa hotspoti kwenye simu yako ya kila siku, zima data, uiunganishe ile ya zamani. Tengeneza folda mpya yenye ukurasa mdogo wa HTML, ingia humo, uandike:

python -m http.server 8080

Simu yako imekuwa seva. Anwani yake utaiona kwenye mipangilio ya waifai. Iandike kwenye kivinjari cha simu nyingine, uweke :8080 mwishoni, na ukurasa utafunguka. Fungua dirisha la pili la Termux uandike nmap localhost: utaona mlango 8080 uko wazi. Zima seva, rudia, mlango umefungwa. Kila huduma unayoiwasha ni mlango, na mlango uliousahau ndio anaoutafuta mwizi.

Nilipokuwa field kwenye shule moja ya sekondari Kisarawe, nilienda na simu hiyo darasani. Ukurasa wangu ulikuwa na nafasi mbili: jina na neno la siri. Nikawaambia waandike maneno ya kubuni tu. Walipobonyeza "tuma", kila walichoandika kikajitokeza kwenye kioo changu kilichopasuka, herufi kwa herufi. Darasa likanyamaza. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mwenye ukurasa anaona vyote?"

Anaona vyote. Hata lile kufuli dogo juu ya kivinjari lina mpaka wake. Linalinda njia, wa katikati asisome. Halikwambii kama aliyekaa mwisho wa njia ni mtu mwema. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli. Kinga yako ni kusoma anwani yenyewe, na kutompa mtu yeyote namba ya uthibitisho.

Tahadhari moja, na siitanii. Jaribu vifaa vyako mwenyewe, au vya mtu aliyekupa ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini kuwa kosa, hata kama hukuiba kitu. Waifai ya hosteli si yako. "Nilikuwa najifunza tu" haitakutoa kituoni.

Sisi wa elimu tunapelekwa shule ambazo mara nyingi hazina chumba cha kompyuta. Tukisubiri kiletwe, watoto watajifunza kuhusu utapeli kama alivyojifunza mwenzangu: kwa hela yao. Kabla hujaenda field, fungua kabati.