Taa za Omena na Umri wa Ulimwengu

Wanangu, sisi wa Sondu tumekaa mahali pazuri pa kutazamia mbingu. Ikweta inapita kaskazini yetu, karibu na Maseno, kwa hiyo mbingu za kaskazini na za kusini zote ni zetu. Desemba, usiku usio na mwezi wala mawingu, kwenye saa mbili hivi, ombeni mtu mzima awapeleke Nyabondo, mbali na taa za soko. Upande wa kaskazini mtaona doa hafifu la mwanga: ni galaksi ya Andromeda, yaani kundi kubwa mno la nyota. Geukeni kusini, mtazame chini karibu na vilima. Doa la huko ni Wingu Dogo la Magellan. Madoa hayo mawili ndiyo yaliyowawezesha wanadamu kuupima ulimwengu.

Utapimaje umbali wa kitu usichoweza kukifikia? Watazameni wavuvi wa omena ziwani. Taa zao zikiwa na nguvu moja, ile inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Kumbe nyota hazina nguvu moja! Iliyo hafifu yaweza kuwa ndogo ya karibu au jitu la mbali.

Aliyekitegua kitendawili hicho ni Henrietta Leavitt, Mmarekani aliyekuwa na uziwi, ambaye kazi yake huko Harvard ilikuwa kukagua picha za anga. Katika Wingu Dogo kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Kwa kuwa zote ziko umbali unaokaribiana kutoka kwetu, aliweza kuzilinganisha. Mwaka 1912 akaeleza kwamba nyota inayochukua siku nyingi kukamilisha zamu yake ndiyo yenye nguvu zaidi. Hesabu siku, utajua nguvu ya taa. Ukishajua nguvu, uhafifu wake utakupa umbali.

Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, akagundua kuwa iko nje kabisa ya galaksi yetu. Leo tunajua kuwa nuru yake, ambayo huenda kilomita 300,000 kila sekunde, husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Ilipoanza safari, zana za mawe zilizofukuliwa Nyayanga, kwenye Rasi ya Homa, zilikuwa tayari zimetumika na kuachwa.

Mwaka 1929 Hubble akaonyesha kwamba galaksi zinaachana, na kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda kasi. Anga lenyewe linatanuka. Ukirudi nyuma kwa hesabu, utafika wakati ambapo vyote vilikuwa vimesongamana. Hesabu za mwanzo zilitoa miaka bilioni 2 hivi, ilhali miamba ya Dunia ilikuwa mikongwe kuliko hiyo! Mwaka 1952 Walter Baade akaeleza sababu: nyota zile za kupimia ni za aina mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa. Umbali wa Andromeda ukaongezeka maradufu, na umri wa ulimwengu vivyo hivyo. Vipimo vilivyofuata, vikiwemo vya satelaiti ya Planck vya mwaka 2013, vinasema miaka bilioni 13.8.

Na ukubwa? Nuru ilipokuwa safarini anga liliendelea kutanuka, ndiyo maana sehemu tunayoweza kuiona ina upana wa miaka-nuru bilioni 93 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Nuru ya kilicho nje ya hapo bado haijatufikia.

Basi mkienda Nyabondo, bebeni daftari. Leavitt alianza kwa kutazama, kuhesabu na kuandika, na hayo hata ninyi mnayaweza.