Kabla ya kununua joistiki ya ndege, piga hesabu ya nauli ya kuirudisha

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA mmoja wa tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, ameleta swali ambalo ukurasa huu haujazoea kulipata. Ana akiba kidogo iliyotokana na maharage na asali. Kijana wake, aliyemaliza kidato cha nne, anataka kuwa rubani, na kwa sasa anaomba anunuliwe joistiki na throto za kurushia ndege kwenye kompyuta. Mzee anauliza mambo mawili. Anunue ipi? Na je, akinunua seti mbili, akapanga chumba Karatu na kutoza vijana kwa saa, fedha yake itarudi?

Kwa asiyejua, joistiki ni fimbo inayosimama juu ya meza na kuielekeza ndege juu, chini, kushoto na kulia. Throto ni wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Vyote viwili huchomekwa kwenye kompyuta yenye programu ya kuigiza urukaji, yaani simuleta.

Hamu ya kijana huyo haishangazi. Watu wa Sale wanazijua ndege. Mwaka 2011 helikopta zilitua Samunge zikiwapeleka wagonjwa kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Ndege ndogo hutua Wasso, na za watalii hutua uwanja wa Manyara, jirani na Karatu. Kwa hiyo hoja ya kwanza ya mnunuzi ni hii: kijana anataka kujifunza ndege ipi?

Nyingi ya ndege zinazobeba watalii huku kaskazini ni Cessna Caravan. Ndege hii huongozwa kwa usukani wa mikono miwili, si fimbo. Ina injini moja, lakini rubani ana nyenzo tatu kuu mkononi: wa nguvu, wa panga boi na wa mafuta. Ndege ya kujifunzia, Cessna 172, nayo ina usukani, na throto yake ni kitufe cha kusukuma na kuvuta. Kando yake kuna kitufe chekundu cha kupimia mchanganyiko wa mafuta na hewa.

Kitufe hicho chekundu si pambo kwa mtu wa Ngorongoro. Uwanja wa Manyara uko zaidi ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, na ule ulio ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya futi 7,000. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini ya petroli isipopunguziwa mafuta hupoteza nguvu wakati rubani anapoihitaji zaidi, yaani wakati wa kuruka. Simuleta nzuri huigiza jambo hilo. Kwa sababu hiyo throto yenye wenzo zaidi ya mmoja ina maana kwa mwanafunzi wa huku, ingawa anayeanza anaweza kutumia vitufe vya kompyuta.

Kwa ndege kubwa hali inatofautiana. Airbus A220 ya Air Tanzania huongozwa kwa fimbo ndogo ya pembeni, ilhali Boeing 787 ya shirika hilo hilo ina usukani. Nahodha wa A220 hukaa kushoto na kushika fimbo kwa mkono wa kushoto. Anayeota ndege hiyo aangalie kama joistiki anayouziwa inakubali mkono huo. Thrustmaster T.16000M inakubali mikono yote miwili. Logitech Extreme 3D Pro imechongwa kwa mkono wa kulia tu.

Sasa tuje kwenye bei. Sokoni kuna ngazi tatu. Ya chini ni joistiki yenye kila kitu kwenye kitako kimoja, kama hiyo Extreme 3D Pro: fimbo husokotwa ili kuiga kazi ya pedali za miguu, na wenzo mdogo wa throto uko chini yake. Ya kati ni joistiki pamoja na throto inayokaa peke yake. Ya juu ni vifaa vya mamia ya dola, kama usukani wa Honeycomb Alpha na throto ya Honeycomb Bravo, yenye nyenzo sita zinazoweza kubadilishwa kulingana na ndege.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Wanadhani cha ghali ndicho kinachofaa. Chukua Thrustmaster Warthog, nakala ya vifaa vya ndege ya kivita ya Marekani aina ya A-10C. Ni ya chuma na ni imara. Lakini fimbo yake haisokotwi, hivyo mnunuzi hulazimika kuongeza pedali. Throto yake imegawanywa kwa ajili ya injini mbili, wakati Caravan ina moja. Mtu wa Cessna atakuwa amelipia vita asivyopigana.

Kwa mnunuzi wa Sale kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Kifaa kikiharibika, dukani ni Arusha. Hata kwa lami ya kilometa 49 kutoka Wasso hadi Sale, safari ya kwenda na kurudi ni nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea. Joistiki ya bei nafuu ikirudishwa mara mbili inaweza kuizidi ile ya kati kwa gharama.

Kwa hiyo muulize muuzaji kilichomo ndani. Joistiki nyingi hupima mwendo wa fimbo kwa kipande kinachosuguana na utepe wa kaboni. Utepe huo huchakaa, na vumbi huharakisha kazi hiyo. Baada ya muda fimbo husimama katikati lakini ndege huinamia upande mmoja. Nyingine hupima kwa sumaku, bila kugusana. T.16000M ni mfano wa aina hiyo, ingawa sumaku hizo ni za mielekeo miwili mikuu ya fimbo. Penye vumbi kama letu, sumaku ina thamani kuliko wingi wa vitufe na taa.

Mwandishi wa makala hii alilipa ada ya somo hilo. Alinunua joistiki iliyotumika, akaridhika kwa kuiona inawaka taa, akaondoka. Nyumbani kila ndege aliyorusha iligeukia kushoto. Muuzaji alisema aliiuza nzima, na hakukuwa na stakabadhi.

Usilipe kabla ya kufanya majaribio haya. Nenda na kompyuta ya mkononi. Chomeka kifaa, fungua sehemu ya Windows ya vifaa vya michezo na uangalie alama ya msalaba. Ukiiachia fimbo, alama itulie katikati bila kutetemeka. Zungusha fimbo polepole hadi pembe zote, alama isiruke. Peleka throto kutoka sifuri hadi mwisho, kisha irudishe. Bonyeza kila kitufe. Mtetemo mdogo unaweza kufichwa kwa kuiamuru programu isijali miondoko midogo ya katikati, lakini ukiuona kwenye kifaa kipya, kiache. Mwisho, dai stakabadhi.

Anayeagiza nje akumbuke kwamba ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafirishaji na bima, kisha kuna VAT ya asilimia 18. Amuulize wakala wa forodha mapema kama mzigo utaandikwa kifaa cha kompyuta au kifaa cha mchezo, maana viwango vinaweza kutofautiana.

Tuje kwenye biashara ya chumba. Joistiki ndiyo sehemu ndogo ya mtaji. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 inahitaji nafasi ya gigabaiti 150 na intaneti ya kuaminika. Kompyuta inayokula wati 400 kwa saa tatu hutumia uniti 1.2 za umeme. Tuchukue mfano: mtaji wote ni sh. 3,000,000, mteja analipa sh. 1,000 kwa saa, na umeme na intaneti vinakula sh. 200. Zinabaki sh. 800. Ili mtaji urudi zinahitajika saa 3,750. Ukipata wateja wa saa tano kila siku, hizo ni siku 750, zaidi ya miaka miwili, kabla ya kodi ya chumba. Ukichagua vifaa vinavyoongeza sh. 600,000, umejiongezea siku 150. Mzee asiweke akiba yake humo.

Kuhusu kijana, jibu ni tofauti, ila asidanganywe. Saa za nyumbani haziingii kwenye daftari la rubani. Viwango vya kimataifa vinataka angalau saa 40 za urukaji kwa leseni ya binafsi na 200 kwa ya biashara, zikipungua kidogo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Simuleta inayohesabiwa ni ile iliyothibitishwa na mamlaka, tena chini ya mwalimu. Joistiki haimpi kijana leseni. Inampa mazoea ya mikono na, muhimu zaidi, inampa baba yake nafasi ya kuipima nia hiyo kabla ya kuuza mifugo kwa ajili ya ada.

Ushauri wetu ni kuanza na FlightGear, programu ya bure inayokuja na Cessna 172, pamoja na joistiki moja ya ngazi ya chini iliyojaribiwa dukani. Ifunikwe kwa kitambaa kila baada ya kazi. Ikifika miezi sita na kijana bado anatua Manyara kila jioni bila kusukumwa, hapo mzee anunue yenye sumaku na throto yake. Kama joistiki imegeuka kiota cha buibui, atakuwa amepoteza kidogo, na mbuzi wake bado wako zizini.