Shule imeandikwa ndani ya bajeti, lakini mabati hayaonekani: feza inakwama wapi?

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Septemba hadi Desemba, wabunge wa jimbo wanakaa kwa kikao cha bajeti. Tunasikia kwamba shule fulani itajengwa, kituo cha polisi fulani kitatengenezwa. Mwaka unaisha, watoto wangali chini ya turubai. Watu wanauliza: feza ilikuliwa? Mara ingine ndiyo. Lakini mara nyingi feza yenyewe haikufika hata siku moja, na hiyo ni shida ya aina ingine.

Bajeti ni makadirio. Serikali inaandika kile inafikiri itapata, na namna itakitumia. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inapatia jimbo 40% ya mapato ya taifa yanayotoka kwake, na inasema yakatwe palepale jimboni. Haifanyiki hivyo. Kinshasa inapokea yote, kisha inarudisha sehemu, kwa wakati wake. Ndiyo ile watu wa ofisi wanaita retrosesio. Halafu sheria ya Oktoba 2008 inataka jimbo nalo lishushe 40% ya fungu hilo kwa miji, mitaa, sekta na usultani. Kama juu hakukufika kitu, chini hakushuki kitu. Wilaya (yaani teritware) haiko kwenye hesabu hiyo, sababu sheria haiitambui kama serikali ya chini yenye bajeti yake ya kujitegemea.

Sasa, wakati feza inafika nusu, nani anapewa kwanza? Mishahara ya ofisi, mafuta ya magari, safari za kazi. Sehemu ya ujenzi ndiyo inasubiri. Mfanyakazi asiyelipwa anakuja kupiga kelele kwa mlango wa gavana. Darasa lisilo na paa haliji. Na hata mradi ukikubaliwa, malipo yanapita hatua ine: kuahidi matumizi, kuhakikisha deni, kutia sahihi ya kulipa, na mwisho kulipa kwenyewe. Kiongozi anaweza kusema "mradi ulishapita" na asiseme uwongo, wakati ulipita hatua mbili tu.

Shule za msingi na za sekondari, kwa katiba, ni kazi ya jimbo, likifuata kanuni za Kinshasa. Tangu 2019, wakati elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa, wanafunzi waliongezeka haraka. Vyumba na mabenchi havikufuata mwendo huo, na wazazi wakaendelea kubeba matofali.

Kwa polisi ni tofauti. Polisi ni ya taifa, amri na mshahara vinatoka Kinshasa. Kwa hiyo jimbo linasema posti ni ya Kinshasa, Kinshasa iko mbali, na mwami au bugumesta anatoa kiwanja pamoja na salongo ya wakaaji. Nyumba inasimama, lakini hakuna aliyeandika feza ya mlango wa kasho, ya choo, ya redio ya mawasiliano, wala ya chumba cha kutenga watoto na wakubwa. Kwa maoni yangu, posti kama hiyo haijaisha kujengwa, hata kama utepe ulishakatwa.

Zimamoto nayo ni vilevile. Angalieni Kadutu kule Bukavu: nyumba za mbao zimeshikana juu ya mlima, moto unarudi kila mara. Kununua gari ya zimamoto ni mstari mmoja tu wa bajeti. Kuko pia njia ya kupitisha gari hiyo, maji ya kuijaza, mafuta, matairi, na watu waliofundishwa. Kama mistari hiyo haiko, gari itabaki kwa lupango.

Mkaaji anaweza kuuliza nini? Asiulize bajeti peke yake. Aulize hesabu za mwaka uliopita, ile ripoti inayoonyesha kilichoandikwa na kilicholipwa kweli. Aangalie mafungu mawili: vifaa, na ujenzi pamoja na ukarabati. Bajeti ya mtaa, sekta au usultani inapashwa kuingizwa ndani ya ile ya jimbo, basi inaweza kutafutwa huko pia. Kule Ibanda, Bukavu, bajeti shirikishi ilishajaribiwa: wakaaji walikutana na kuchagua kazi za kuanza nazo, simu ikatumiwa kuwaalika. Si muujiza, lakini walijua ni kazi gani ilichaguliwa.

Na kule kuko kampuni ya madini yenye kibali cha kuchimba, kuko feza isiyopaswa kungoja retrosesio. Kodi ya madini ya 2018 inagawa malipo ya uchimbaji hivi: 50% Kinshasa, 25% jimbo, 15% mtaa, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15% inalipwa kwa konti ya mtaa au usultani wenyewe. Hapo jibu la "Kinshasa haijatuma" halisaidii: iliingia ngapi mwaka huu, na ni vyumba vingapi vya shule vilitoka ndani yake?