Kilo 47 ziligeuka 41: nani ana kopi ya kaye?

Ilikuwa saki moja tu ya koltani. Vijana sita wa shimo moja huku kwetu Kibabi waliifanyia kazi siku nane, maji mpaka kwenye magoti. Balansi ya chimbo ikasema kilo 47. Ajenti akaandika 47 ndani ya kaye, akafunga etiketi yenye namba, saki ikabebwa mgongoni mpaka kwa depo ya mnunuzi. Kule ikapimwa tena: 41.

Hilo peke yake halikunishangaza, na sitaki kudanganya wasomaji. Mchanga ukikauka maji yanatoka, ukisafishwa tena takataka inatoka, kilo zinashuka. Kila mchimbaji anajua. Kilichofanya waje kuniita mimi mtu wa sendika ni kitu kingine. Walipoomba kuona ukurasa wa siku ile ndani ya kaye ya chimbo, 47 haikuwa tena pale. Palikuwa 41, biki juu ya biki. Hakuna saini, hakuna jina la aliyesahihisha, hakuna tarehe.

Na mapatano yao na mwenye shimo, yule tunaitaka PDG, yalikuwa kugawana kufuata kilo za chimbo, si kilo za depo. Basi wakalipwa kama watu walioleta 41. Walipiga makelele siku mbili. Lakini makelele haina namba, haina saini.

Nilikumbuka ukurasa ule mwaka 2021, juu namna ya kuandika madini ilikuwa inabadilika na wengi wetu tulikuwa tunaona tu telefone zinapita mbele yetu.

Kwa wasomaji walio mbali na machimbo, nieleze kaye hii ilitoka wapi. Mwezi wa saba 2010 Wamarekani walipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinadai kampuni zilizo kwenye masoko yao ya hisa ziseme kama bati, tantali, tungsten ao dhahabu yao inatoka Kongo ao kwa majirani zake. Mwezi wa kenda mwaka uleule Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ilidumu mpaka mwezi wa tatu 2011. Walioishi Masisi ama Walikale wakati ule hawahitaji mtu awaeleze: watoto walirudishwa kutoka masomo, baba wengine wakaenda mpaka leo hawajarudi.

Dawa iliyoletwa ni etiketi. Viwanda vya bati na tantali vilianzisha mpango wa ITSCI, na baada ya miaka kidogo ukafika Masisi. Kazi yake si ngumu kueleza. Ilikuwa lazima kwanza chimbo likubaliwe na Leta kuwa la kijani, si la manjano wala jekundu. Saki ilikuwa inapewa etiketi ya kwanza pale kwenye chimbo, na watumishi wa SAEMAPE walikuwa wanaandika namba, kilo, siku na mahali. Kwa mnunuzi etiketi ile ilikatwa, ikafungwa ya pili, na kaye ingine iliunganisha namba ya zamani na namba mpya. Hivyo mpaka Goma kwenye kontwari, kisha CEEC na cheti cha CIRGL, mzigo ukaenda ng'ambo. Mtu aliye Ulaya akitaka, aliweza kurudi nyuma kutoka karatasi mpaka karatasi na kufika Kibabi.

Mchimbaji wa Kibabi yeye hakuweza kurudi nyuma hata ukurasa mmoja. Kaye haikuwa yake.

Jirani zetu wa Rubaya walibadilisha kabla yetu. Mwanzo wa 2019 kampuni ya SMB iliacha ITSCI ikaingia katika mpango wa RCS Global, Better Sourcing, ambao leo wanauita Better Mining. Pale habari zikaandikwa ndani ya telefone. Katika konsesio ya SAKIMA iliyo karibu, ITSCI ikabaki. Basi milima ileile, udongo uleule, namna mbili za kuandika! Nimezungumza na wachimbaji wa kule: wengine wanasema telefone ni afazali kuliko biki, wengine wanasema ni sawasawa. Hakuna aliyeniambia kwamba yeye mwenyewe ameona ndani.

Kwetu Kibabi ilikuwa kaye bado. Lakini telefone ilikuwa imekwisha kuja kuonyeshwa. Tulikusanywa chini ya hema, bwana mmoja akainua telefone yake, akaeleza kwa Kifaransa kwamba kilo ikiingia humu haitapotea tena. Kijana mmoja akainua mkono, akauliza: “Na sisi tutaangalia wapi?” Bwana akajibu kwamba habari ziko salama. Kijana akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi: “Ndiyo, lakini tutaangalia wapi?” Mkutano ukafungwa.

Mimi si mtu wa mashini. Nilimaliza tu sekondari, tena kwa shida. Aliyenifungua macho ni mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Goma. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipotapika moto, yeye alikuwa anakaa Buhene. Nyumba iliungua, kompyuta ndani. Akapanda mpaka kwetu kupitia Sake na nguo alizovaa. Nikamhurumia, nikamwambia kazi yako yote ya mwaka imekwisha. Akacheka. “Mjomba, kompyuta ndiyo imeungua. Kazi iko yote.” Niliona kama huzuni imemgusa kichwa.

Halafu akanieleza. Yeye na vijana wengine, wengine Nairobi, wengine India, watu ambao hajawahi kuona uso wao, wanatengeneza programu moja iliyo wazi: kila mtu anaweza kuisoma na kuomba kuirekebisha. Kaye yao inaitwa Git. Na ile kaye haiko kwa mtu mmoja. Kila anayefanya kazi ana kopi nzima, si ukurasa wa leo tu, ni kurasa zote tangu siku ya kwanza. Anayebadilisha neno hafuti la zamani. Anaongeza mstari mpya, mashini inaandika jina lake na saa, na yeye mwenyewe anaandika sababu. Kisha kila badiliko linapewa namba inayotoka ndani ya yaliyoandikwa pamoja na namba iliyotangulia. Mtu akienda kwa siri kubadilisha ukurasa wa mwaka jana, namba zote zilizofuata zinaharibika, na wote wenye kopi wanaona.

Nikamwambia rudia hapo pa namba. Akarudia mara tatu. Mimi nilikuwa naona 41 ile, biki juu ya biki.

Nilidhani watu wa kompyuta walizaliwa na akili hiyo. Kumbe nao walisukumwa na shida. Programu ya Linux, iliyoanzishwa 1991 na Linus Torvalds wa Finland, na ambayo iko ndani ya telefone zote za Android tunazobeba, tangu 2002 iliandikwa katika kaye iitwayo BitKeeper, mali ya kampuni moja. Waliitumia bila kulipa. Mwezi wa ine 2005 mwenyewe akaondoa ruhusa ile. Yaani kazi ya watu wa dunia nzima ilikuwa inategemea kabati la mtu, na siku moja mtu akachukua ufunguo wake. Torvalds akaanza kuandika Git mwezi uleule, na mwezi wa sita Linux ilikuwa inatoka kupitia kaye mpya. Haraka hivyo!

Mtoto wa dada yangu hakunificha kwamba kuzoea ni taabu. Maneno mapya, hatua nyingi. Zamani alikuwa anabadilisha na kutuma, imekwisha. Sasa anapendekeza, mwingine anasoma, na anaweza kukataa. Mara ya kwanza walimkataa mara tatu, juu hakuandika sababu ya kubadilisha. Alikasirika, akataka kuacha. “Leo mimi ndiye ninakataza wengine,” akasema.

Nilimuuliza pia kama mtu anaweza kudanganya ndani ya Git. Akasema bila shaka. Ukiandika uongo, itaulinda uongo wako vizuri sana, na jina lako pembeni. Hapo nilimpenda zaidi, juu huku tunaijua habari hiyo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja juu ya madini ya mahali pengine kuvikwa etiketi ya chimbo safi. Etiketi haioni udongo. Inaona tu mkono ulioifunga. Kwa hiyo sitasema telefone ama Git vitatuletea haki. Nasema tu kwamba ukijua mkono ni wa nani, unajua pa kwenda kugonga mlango.

Ndiyo maana sisi wa sendika hatupingi telefone. Wako wanaotaka tuipinge, hasa wale waliofaidika na biki. Tunachodai ni kwamba kikundi cha shimo kipate kopi siku ileile: hata ukurasa wa karboni, hata ujumbe mfupi kwa telefone ya mkubwa wa kikundi, wenye namba ya etiketi na kilo. Kilo zikishuka kwa depo, ziandikwe kwenye mstari mpya pamoja na sababu, na ile ya kwanza ibaki. Na maneno ya ndani yawe ya Kiswahili. Wengi wetu Kifaransa kinaishia kwenye salamu.

Wametuambia rezo haifiki kwenye mashimo. Ni kweli, haifiki. Lakini mtoto wa dada yangu anasema hata yeye anaandika bila rezo, na kopi zinakutana siku akipata. Sikuona mtu wa kumjibu hapo.

Tukingoja, tumeanza na kaye za shule. Kila saki inaandikwa mara tatu: moja kwa kikundi, moja kwa PDG, moja kwa mama anayeuza vyakula karibu na njia ya chimbo, aliyekuwa mwalimu na mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi wote. Anayekosea anapiga mstari mmoja, la zamani linasomeka, anaandika upya na kuweka jina. Mwanzoni ilikuwa fujo. Watu walisahau, mmoja alipasua ukurasa mzima kwa haya ya kukosea, tukamrudisha akaandike kwamba ameupasua. PDG wawili wamekubali. Wa tatu anasema tunamwita mwizi. Ajenti anakataa kutia saini, anasema kaye yetu haiko kwenye orodha ya kazi yake, na hapo sheria iko upande wake.

Wale sita hawakulipwa kilo zao. Wawili wamekwisha kwenda Walikale kutafuta bahati ingine. Wanne waliobaki walitoa saki juma lililopita: kilo 38, na kaye zote tatu zinasema 38. Ya ajenti tumeomba kuiona Jumatatu.