Kura 72 Zilizomuua Robin

Hakuna mhariri asiyependa barua za wasomaji wake, na hakuna mhariri asiyeziogopa. Barua humwambia kama anasomwa. Aidha humwambia kama amekosea. Ndiyo maana leo tumeona vyema kuizungumza hadithi moja ya katuni ya Marekani, ambayo mwisho wake waliachiwa wasomaji wauamue kwa simu mwezi wa Septemba, 1988. Huenda baadhi ya wasomaji wetu, na hasa maafisa wa Serikali ambao wana kazi nzito mbele yao, wakaona kuwa hayo ni mambo ya watoto. Tunawaomba wavute subira kidogo.

Hadithi yenyewe ni ya Batman, yule shujaa avaaye vazi la popo, ambaye vijana wetu wengi wamemjua kwa njia ya sinema. Alibuniwa mwaka 1939 na Bob Kane na Bill Finger, na mwaka uliofuata akapewa msaidizi mdogo aitwaye Robin. Robin wa kwanza, Dick Grayson, alikua, akashika njia yake. Mwaka 1983 akaingizwa kijana mwingine, Jason Todd. Hapo mwanzo kijana huyu alikuwa kama kivuli cha mwenzake: yatima, mtoto wa wanasarakasi, mwenye adabu zake. Mwaka 1987 kampuni ya DC, yenye kuchapisha vitabu hivyo, ikambadilisha asili yake. Akawa mtoto wa mitaani, ambaye Batman alimkuta akiiba magurudumu ya gari la Batman mwenyewe.

Wasomaji wengi hawakumpenda. Walimwona mkaidi, mwepesi wa hasira, asiyesikia la mkubwa. Katika toleo moja la mwaka 1988, mtu mwovu aliyekuwa akijificha nyuma ya cheo cha baba yake mwanadiplomasia anaanguka kutoka ghorofani na kufa, Robin akiwa papo hapo. Mwandishi, Jim Starlin, hakueleza kama mtu yule aliteleza au alisukumwa. Kwa wale waliokwisha mchukia kijana, hapakuwa na haja ya kuelezwa.

Mhariri wa vitabu hivyo wakati huo alikuwa Dennis O'Neil. Alikuwa na tatizo ambalo kila mhariri analijua: msomaji analalamika, na bado ananunua. Akakumbuka kichekesho kimoja cha televisheni cha mwaka 1982, ambapo mchekeshaji Eddie Murphy aliwataka watazamaji wapige simu kuamua kama kambakochi mmoja atiwe chunguni au asalimishwe. Simu zilizopigwa zilikaribia nusu milioni. Ikiwa kambakochi aliweza kuwashughulisha watu kiasi hicho, Robin je?

Ikaandikwa hadithi ya matoleo manne iitwayo *A Death in the Family*, ikachorwa na Jim Aparo. Jason Todd anasafiri kumtafuta mama yake mzazi, na safari hiyo inamfikisha Ethiopia, ambako mama huyo anafanya kazi katika kambi ya misaada ya njaa. Mama anamsaliti mwanawe kwa adui mkubwa wa Batman, yaani Joker. Kijana anapigwa kwa mtaimbo, kisha bohari walimofungiwa yeye na mama yake linalipuliwa kwa bomu. Mwisho wa toleo la pili msomaji alikuta tangazo lenye namba mbili za simu. Moja ilikuwa ya kumwokoa Robin. Ya pili ilikuwa ya kumfisha. Kila simu iligharimu senti 50 za Marekani. Laini zilifunguliwa saa 3 asubuhi ya tarehe 15 Septemba, zikafungwa saa 2 usiku wa siku ya pili yake.

Simu 5,271 zilisema aishi. Simu 5,343 zilisema afe. Tofauti ilikuwa 72.

Lazima tuwe waadilifu kwa O'Neil na wenziwe. Kurasa za pande zote mbili zilikwisha andaliwa, na kwa tofauti ndogo kama hiyo ingekuwa rahisi kwa kampuni kunyamaza na kuchapisha ile iliyoipendelea. Haikufanya hivyo. Matokeo yalitangazwa kwa hesabu yake kamili, na Robin akazikwa. Watu wazima ambao hawakuwa wamegusa kitabu cha katuni tangu utotoni walipozisoma habari hizo magazetini waliona uchungu kana kwamba wameuliwa mtoto wa jirani. Kwao wao Robin alikuwa yule yule Dick Grayson wa zamani, na hawakujua kwamba kuna wa pili. Frank Miller, mwandishi wa kitabu maarufu cha Batman cha mwaka 1986, aliilaani hadharani kura ile. Inafaa kukumbuka kwamba ndani ya kitabu chake hicho hicho Jason Todd anatajwa kuwa amekwisha kufa.

Lakini tuirejee hesabu, kwani humo ndimo lilimo jambo tunalotaka kulisema. Kilichohesabiwa kilikuwa simu. Hakuna aliyehesabu watu. Mwenye senti 50 alikuwa na kauli moja. Mwenye dola kumi alikuwa na kauli ishirini. O'Neil mwenyewe alieleza miaka michache baadaye kwamba alisikia habari za mtu mmoja aliyeiagiza kompyuta yake ipige namba ya kifo kila baada ya sekunde 90 kwa muda wa saa nane. Hayo yalikuwa masikizi, nasi tunayaeleza kama masikizi. Hata hivyo, msomaji na achukue kalamu apige hesabu: saa nane kwa mwendo huo ni simu 320, zenye thamani ya dola 160. Kwa fedha hizo mtu mmoja angeweza kuishinda ile tofauti ya 72 zaidi ya mara nne.

Tena simu ile haikuwa na nafasi ya neno lolote. Katika vitabu vya katuni vya Marekani ulikuwapo utamaduni wa miaka mingi wa kurasa za barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhariri Julius Schwartz wa DC alianza kuchapa pamoja na barua jina na anuani kamili ya mwandishi wake, na kwa njia hiyo wasomaji waliokuwa wametawanyika wakaanza kuandikiana na kuanzisha majarida yao. Katika barua mtu aliweza kusema: kijana huyu simpendi kwa sababu hii na hii; mrekebisheni, mpelekeni skuli, mrudisheni nyumbani, wala msimuue. Maoni kama hayo hayakuwa na namba ya kupigia. Aliyekuwa nayo ilimlazimu achague kati ya uhai na kifo, au anyamaze.

Sisi Visiwani tunauelewa ugumu huo. Watu wa kijiji cha pwani wakiulizwa kama wanalitaka gati au hawalitaki, watajibu kwamba wanalitaka. Ofisi itaandika kuwa wananchi wamekubali. Lakini mzee mvuvi aliyekaa nyuma ya mkutano alikuwa na neno: kwamba pale palipochaguliwa pana mwamba, na maji yakitoka hapana chombo kitakachofika. Hakuulizwa hilo. Tunavijua pia visanduku vya maoni vilivyotundikwa katika kuta za ofisi mbalimbali, ambavyo kufuli zake nyingine zimeshika kutu. Tungewaomba maafisa wanaotumwa kukusanya maoni ya wananchi wawe na daftari lenye nafasi pana ya sababu, hata kama kazi ya kuzisoma itakuwa kubwa, na waandike ni watu wangapi waliosema, maana mtu mmoja mwenye sauti kubwa husikika mara nyingi.

Kuna jambo jingine katika hadithi ile ambalo limetukera, na ambalo katika makelele yote ya kura halikupata nafasi. Njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1984 na 1985 iliwaua watu kwa maelfu na maelfu. Miaka mitatu tu baadaye, kambi za misaada za nchi hiyo zikawa mandhari ya mchezo wa Batman na Joker. Dawa zilizokusudiwa wagonjwa zinaibwa na mahali pake inawekwa sumu, nao Wahabeshi wenyewe hawana la kusema. Simu zaidi ya elfu kumi zilipigwa kwa ajili ya kijana mmoja wa kubuniwa. Hatumlaumu mtoto wa Marekani aliyepiga simu, kwani hakuulizwa jingine.

Hadithi hiyo baadaye ilikusanywa ikawa kitabu kimoja, na wasomaji wake wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema kifo kile kiliipa hadithi ya Batman uzito ambao haikuwa nao, kwa kuwa shujaa alionekana ameshindwa kweli kweli. Wengine wanaona kuwa kura ile ilikuwa ukatili uliovishwa nguo ya burudani. Sisi tunaelekea upande wa hawa wa pili, ijapokuwa tunakiri kwamba kurasa za Batman akiwa amembeba kijana wake kutoka kwenye kifusi zimechorwa na mkono wa bingwa.

Mwaka 2005 DC ilimfufua Jason Todd, naye akarudi mwenye ghadhabu kwa jina la Red Hood. Safari hiyo wasomaji hawakupewa namba ya kupigia. Wengi kati yao walimpenda. Na mwezi wa Desemba, 2023, ile sehemu iliyoshindwa ilichapwa katika toleo kamili na kuuzwa madukani: Robin yu hai, na Batman anamshukuru Mungu. Waliopiga simu 5,271 walikuwa wameingoja kwa miaka 35.