Ari ya wafanyakazi KQ yahitaji ndege angani

KAMPUNI ya ndege inapowahimiza wafanyakazi waongeze mauzo, wito huo humfikia kila mmoja, kuanzia rubani hadi mpakia mizigo. Kiti kilichoondoka kitupu hakiwekwi akiba kiuzwe kesho.

Mgomo wa marubani wa Kenya Airways, Novemba 2022, ulidhihirisha hasara ya wakuu na wafanyakazi kufarakana. Mwaka 2024 shirika hilo lilipata faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya miaka 11. Lakini katika nusu ya kwanza ya 2025 lilipata hasara ya Sh12.2 bilioni, ndege tatu za Boeing 787 zikiwa zimeegeshwa kwa kukosa injini.

Mwuza tiketi, hata awe mcheshi namna gani, hauzi kiti cha ndege iliyoegeshwa. Nayo gharama zake nyingi, matunzo yakiwemo, huendelea kulipwa.