Mwalimu Asifanywe Mteja

Hakuna mwenye akili timamu atakayekataa kufundishwa. Makampuni makubwa ya dunia yajapo kwetu yakasema yataka kuwafundisha walimu wetu na wanafunzi wa vyuo vikuu maarifa ya kompyuta, tena bila malipo, sisi twasema karibuni. Lakini mgeni akaribishwapo huulizwa atokako na aendako, wala kumwuliza si kumfukuza.

Habari yenyewe si ya jana. Kampuni ya Cisco ilianza mafunzo yake ya mitandao mwaka 1997, na Intel ikaanza kuwafundisha walimu mwaka 2000. Huawei ilianzisha mwaka 2008 mpango wake uitwao Seeds for the Future, ikawa yawachukua wanafunzi wa vyuo wa nchi nyingi, Watanzania miongoni mwao, kwenda China kujionea kazi. Microsoft ilitangaza mpango wake wa Afrika mwaka 2013. Tena Julai 2017, mjini Lagos, mkuu wa Google, Bwana Sundar Pichai, aliahidi kwamba kampuni yake itawafundisha Waafrika milioni 10 katika muda wa miaka 5.

Milioni 10! Hesabu hiyo yapendeza masikioni. Lakini yatupasa kuuliza: aliyefundishwa ni nani? Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi hata adhuhuri, na mtu aliyesoma miezi sita akafanya mtihani, je, wote wawili huandikwa katika daftari moja kwa kalamu moja?

Kipimo si kwamba hakuna. Mwaka 2008 UNESCO ilitoa kipimo cha ujuzi wa mwalimu katika mambo ya TEHAMA, nacho kilitengenezwa kwa msaada wa Microsoft, Intel na Cisco wenyewe. Kilikuwa na ngazi tatu. Ya kwanza, mwalimu akijue chombo. Ya pili, akitumie kuyachimba maarifa ya somo lake hata wanafunzi waweze kutatua mambo ya maisha yao. Ya tatu, yeye na wanafunzi wake waumbe maarifa mapya. Kipimo hicho kimetengenezwa upya mwaka 2011 na mwaka 2018, na ngazi zimebaki tatu. Watu wa makampuni walikuwapo zilipochongwa. Basi hawawezi kutuambia kwamba hawazijui, ijapokuwa mafunzo mengi tuyaonayo sisi huishia katika ile ya kwanza, na pengine hayafiki hata hapo.

Tulipata kuhudhuria sherehe moja ya kutoa vyeti kwa walimu. Kampuni hatuitaji, maana kosa lake ni la wengi. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili. Hotuba zilikuwa nyingi, na picha nyingi zaidi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, alisimama akauliza kwa adabu: "Ndugu mgeni rasmi, darasani kwangu wapo watoto 90, na kompyuta shuleni ni mbili, na umeme hukatika. Nikirudi Jumatatu nifundisheje?" Aliambiwa kwamba swali lake ni zuri sana. Kisha akapewa fulana na kofia, kama wenzake.

Swali lile ndilo somo lenyewe lililopaswa kufundishwa siku zote mbili. Namna ya kuwagawa watoto 90 kwa zamu. Namna ya kutumia simu moja ya mwalimu kuonyesha ramani au mzunguko wa damu. Namna ya kupakua masomo siku yenye mtandao ili yatumike siku isiyo na mtandao. Hayo hayamo katika kijitabu cha kampuni, kwa kuwa aliyekiandika hajapata kusimama mbele ya watoto 90.

Wala asiseme mtu kwamba walimu wetu hawana vyombo kabisa. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Chombo kimo mkononi mwa wengi. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mwalimu muhula mzima, amwone akifundisha, amrekebishe, arudi tena.

Lipo na jambo la lugha. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini mafunzo haya huja kwa Kiingereza, na mwalimu huachwa atafsiri peke yake usiku. Twakumbuka kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice, nayo ilikuwa ya bure. Hapo ilionekana wazi kwamba lugha yetu haikosi maneno ya faili, kipanya na lahajedwali. Kama chuo chetu kiliweza, kampuni yenye matawi dunia nzima haiwezi kutuambia kwamba kazi ni ngumu.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu neno letu ni fupi. Kijana apataye cheti cha mitambo ya kampuni fulani hupata kazi, na hatumlaumu, kwani kazi ni haba. Lakini fundi aliyezoeshwa spana ya duka moja hubaki mfungwa wa duka lile. Chuo kimfundishe hisabati na misingi ya mtandao kwanza, ili mtambo wowote ujao aweze kuufungua. Vyuo visiwaachie wageni kazi hiyo kwa sababu tu wageni huja na kompyuta mpya.

Twataka basi kila kampuni ijayo ikae kwanza na Taasisi ya Elimu, iwasikilize walimu wa vijijini kabla ya kuandika somo, na irudi baada ya muhula mmoja kuhesabu si vyeti bali madarasa yaliyobadilika. Itakayofanya hivyo, na ituletee hesabu yake, iwe nzuri au mbaya. Tutaichapa katika ukurasa huu, wala hatutaidai senti ya tangazo.